Kamera Isiyolia

Mpiga picha wa parokia huja na kamera mbili shingoni: ile kuukuu, nzito kama pasi ya makaa, na ile mpya, nyepesi. Huipapasa ya zamani kama mtu anayetuliza mbuzi, kisha hupiga kwa ile mpya. “Ya zamani iko na kioo ndani,” huwaeleza watu. “Kinaruka, njo inalia kla! Hii mupya haina kioo, inanyamaza.” Lakini watu wa Kamina hawaiamini kamera inayonyamaza, husimama wamebana pumzi wakingoja mlio hadi machozi yawatoke. Kwa hiyo, akishapiga, hutoa mlio yeye mwenyewe kwa mdomo: “Kla!” Ndipo watu hupumua.

Siku ya misa ya kumaliza matanga ya baba yake, Tshala alimwomba mpiga picha kitu kimoja tu: picha ya mama yake akicheka, kwa maana tangu mazishi hajacheka. Mama alisimama mbele ya kanisa, uso mkavu kama muhogo wa juani.

“Papa, unapiga ao unasali?” mama akamuuliza mpiga picha.

“Nilishapiga, mama.”

“Bongo hiyo, unanidanganya! Sikusikia kitu.”

Mpiga picha akavimbisha mashavu, akalia “Kla!” kwa nguvu, mate yakamrukia katekista. Mama akacheka, Mungu asifiwe, akacheka mpaka akashika ukuta. Kidole cha mpiga picha kikashuka kimya kimya juu ya kitufe cha kamera.

“Haya, sasa piga,” mama akasema, akikaza uso tena.

Akamwelekezea kamera, hakubonyeza chochote, akalia, “Kla!”