Mguu Uliovunjika Utotoni

Somo langu la kwanza kwa wanafunzi wa uuguzi hapa Masisi halibadiliki: kulia na kushoto ni kwa mwenye mwili, si kwa anayemtazama. Anayekosea namkaripia mbele ya wenzake. Mimi ni mwalimu wa anatomia, na wanasema nina ulimi wa pilipili. Sikatai.

Mwaka mmoja wakulima wa Kalembe walifukua mifupa ya mtu walipokuwa wakifungua shamba la maharagwe kando ya msitu. Muuguzi wa kituo cha afya aliniita niitazame. Nilimkuta mama mmoja amekaa chini, karibu na turubai ilipolazwa mifupa hiyo. Mwanawe alipotea wakati watu wanakimbia vita, na kwao mtu ambaye mwili wake haujaonekana haliliwi. Kumlilia ni kumuua kwa mdomo. Alikuwa ameishi hivyo miaka mitano, machozi ameyafungia ndani.

Niliipanga mifupa yote. Mwanaume, kijana wa miaka ishirini hivi. Kila kitu kilikubaliana na maneno ya mama. Kwenye mfupa wa muundi, mguu wa kulia, palikuwa na uvimbe wa mahali palipovunjika zamani pakaunga vibaya. Nikamuuliza kama mwanawe aliwahi kuvunjika.

"Ndiyo, Dokta. Alianguka ku muti wa avoka akiwa mutoto. Nilikuwa namukandaka na maji ya moto kila asubui."

"Muguu gani, Mama?"

Aliinama, akashika muundi wake wa kushoto. "Ni huu hapa."

Nikamwambia siye. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, nikaongeza kwamba mfupa haudanganyi. Akasema asante. Nilipanda pikipiki nikarudi nimeridhika na nafsi yangu, na hadi leo hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Miezi ilipita. Siku moja darasani nilimwambia mwanafunzi aonyeshe kwenye mwili wake mahali penye kovu la mwenzake aliyekaa mbele yake. Kovu lilikuwa kwenye goti la kulia. Yeye akagusa goti lake la kushoto, lililoelekeana nalo. Nilifungua kinywa nimkaripie, nikashindwa. Akilini nilimwona yule mama wa Kalembe amepiga magoti na beseni lake, mtoto amekaa mbele yake, mguu mbovu ukiwa upande wa mkono wake wa kushoto. Nilikuwa nimemuuliza mama mzazi swali kana kwamba alisoma darasani kwangu. Machozi yalinitoka, nikawaambia wanafunzi ni vumbi la chaki.

Kesho yake nilikwenda Kalembe. Alikuwa akipalilia mihogo. Nilimweleza yote bila kujitetea, nikamuuliza mifupa ile ilizikwa wapi.

"Pale juu, nyuma ya kanisa. Tulimuzika kama mugeni. Nilienda pia, sababu mugeni naye iko mutoto wa muntu. Nikatupa udongo." Aling'oa gugu moja. "Watu walisema, masikini, huyu hana mama wa kumulilia. Na mimi nilikuwa nimesimama pale."

Nikaomba msamaha. Aliweka jembe chini, akakaza kitenge kiunoni.

"Dokta, sasa naweza kumulilia?"

Nikasema ndiyo, Mama. Akaanza palepale, katikati ya mihogo.