Mistari Aliyoifuta Dastani

Dastani alikuwa na penseli tatu ambazo hakuna mtu mwingine nyumbani mwake aliyeruhusiwa kuzigusa. Alizichonga kwa wembe, kisha akazinoa kwa msasa mpaka ncha ikawa ndefu na nyembamba kama sindano ya kutungia shanga. Mkewe, Getrude, alipotaka kuandika barua alikwenda kuazima penseli kwa jirani.

Penseli hizo ndizo zilizompa jina pale Newala. Studio yake haikuwa kubwa: chumba kimoja cha udongo kilichopakwa chokaa, kamera ya mbao ya miguu mitatu, kiti cha mpingo, na pazia lililochorwa ngazi na nguzo za jumba ambalo hakuna mtu wa wilaya ile aliyewahi kuliona. Lakini watu hawakumfuata kwa ajili ya jumba. Walimfuata kwa sababu alijua kuondoa chale usoni.

Kazi yenyewe aliifanya kwenye negativu, ambayo kwa kamera ile ilikuwa na ukubwa wa kiganja. Katika negativu kila kitu hugeuka, cheusi kikawa cheupe. Chale za Kimakonde, ambazo wenyewe huziita dinembo, hukatwa na kusuguliwa masizi ya mbarika, kwa hiyo usoni ni nyeusi. Kwenye negativu huwa nyufa za mwanga. Dastani aliiegemeza negativu dirishani, akapaka vanishi nyembamba, akaziba nyufa hizo moja moja kwa vidoto vya penseli. Picha iliposafishwa, uso ulitoka laini kama yai. Mwalimu aliyetarajia uhamisho wa Dodoma, binti aliyechumbiwa na karani wa Tanga, kijana aliyeandikwa kwenda chuo, wote waliondoka na nyuso ambazo hakuna mtu wa mbali angeziuliza maswali. Miaka ile watu waliotoka mikoa mingine waliziona chale kuwa ushamba, na hawakuficha.

Yeye mwenyewe hakuwa nazo. Alizaliwa Chiwata, baba yake akiwa katekista, na nyumbani kwao watoto hawakukatwa. Alisoma shule ya Chidya, akafanya kazi miaka minne Masasi kwa Mhindi mmoja mwenye studio, Premji, aliyemfundisha penseli na kumwonya asijisifu. Onyo hilo hakulishika. Alipopanda Newala mwaka 1963, chale alizijua kama dobi anavyojua madoa. Alijua zilipo, na namna ya kuzitoa. Zinasema nini, hakuwahi kuuliza.

Leonia aliingia studio Jumanne moja ya Julai 1975. Dastani hakumfahamu. Alikuwa mama aliyepita makamo, mwenye chale zilizojaa uso mzima na tundu la ndonya, kile kigingi cha urembo, kwenye mdomo wa juu, ndonya yenyewe ikiwa imeshatolewa. Mjini waliwaita watu wa namna yake Wamawia, jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Walikuwa Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, waliovuka wakikimbia vita vya Mreno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Baba Ursula?"

"Ndimi. Karibu ukae. Picha ya kadi au ya ukumbusho?"

"Sikuja kupigwa." Alifungua fundo la kanga, akatoa picha iliyokunjika pembe. "Nimekuja kuuliza. Huyu umemfanya nini?"

Dastani aliitambua kazi yake kabla ya kumtambua mtu. Kijana wa miaka ishirini hivi, shati jeupe, mkono juu ya kiti cha mpingo, uso safi. Nyuma ya picha palikuwa na muhuri wa studio, namba na mwaka: 1968.

"Sijamfanya kitu. Picha nzuri hii."

"Nzuri. Ila mjomba wake amesema hamjui."

Alieleza bila haraka. Kijana aliitwa Bonifasi, mwanawe. Alipiga picha hiyo wiki aliyovuka mto kwenda vitani. Kule wapiganaji walibadilishwa majina, hata mwenzako wa handaki moja hakujua ulizaliwa unaitwa nani. Mwaka 1971 waliletewa mfuko na habari ya kifo cha mtu ambaye jina lake hawakulijua. Ndani ya mfuko mlikuwa na picha hii. Mama akamjua mwanawe. Lakini kwao mtoto ni wa wajomba, na msiba hufunguliwa na mjomba. Nakala ya pili, aliyokuwa ameachiwa mama, ilipelekwa Mueda, ng'ambo ya mto, kwa kaka yake, Ntaluma. Mzee Ntaluma ndiye aliyemkata Bonifasi dinembo kwa kisu chake mwenyewe. Aliitazama picha, akairudisha kwa maneno mafupi: huyu ni mtoto wa watu wengine, wangu yuko hai, msimlilie.

"Miaka minne," Leonia alisema. "Mwanangu hajaliliwa. Jumamosi malori yanaturudisha kwetu. Nitamwonyesha nini kaka yangu?"

Dastani aliichukua picha, akaipeleka kwenye mwanga. Hakuona tatizo kubwa. Aliyefuta anaweza kurudisha.

"Njoo kesho, mama. Utamkuta."

Jioni ile alichora chale juu ya picha kwa wino mweusi, kwa brashi ya manyoya matatu. Hakuwa na cha kunakili, akategemea kumbukumbu, na kumbukumbu yake ilikuwa imejaa nyuso. Aliweka pembe juu ya nyusi, akashusha vidato mashavuni, akamaliza na kijua kidogo kidevuni. Kwa jicho la fundi ilikuwa kazi safi. Alimwonyesha Getrude, ambaye alikuwa Mmakonde wa Newala hasa na alikuwa na chale zake mbili za ujana.

Getrude alitazama, akaweka mkono mdomoni.

"Unacheka nini?"

"Sicheki. Bwana harusi ni nani?"

"Mama Ursula, sema maneno ya kueleweka."

"Hicho ulichomwekea kidevuni hukatwa wasichana. Na haya ya mashavuni ni ya kwetu huku, si ya ng'ambo. Umemwoza mtoto wa mwenzio, Baba Ursula, na mahari hujapokea."

Ndipo Dastani alipoelewa. Kwa miaka kumi na miwili waliokaa kwenye kiti chake kwa wingi walikuwa mabinti wanaochumbiwa. Hao ndio waliomlipa awafute, na hao ndio waliobaki kichwani mwake. Alikuwa amezitazama chale kwa kioo cha kukuzia kuliko mtu yeyote kwenye uwanda ule wa Newala, na hakuwa amejifunza hata moja.

Leonia alipokuja kesho yake hakuonyeshwa. Aliikuta picha mezani imefunikwa gazeti, akalifunua mwenyewe.

"Kwanza ulimtoa," alisema. "Sasa umemleta dada yake."

"Samahani, mama."

"Mimi nilizaa wa kiume tu."

Ilibaki negativu. Dastani alikuwa nazo zote, zimefungwa karatasi za daftari na kupangwa kwa namba ndani ya mikebe ya biskuti. Ya Bonifasi aliipata haraka. Kilichomkawiza ni kingine. Vidoto vya penseli vilikaa juu ya vanishi, na vanishi hutoka kwa tapentaini. Lakini ile ilikuwa ya miaka saba, imekauka na kushikana na utando wa picha. Ukisugua kidogo, haitoki. Ukizidisha, unang'oa uso wenyewe. Na negativu ilikuwa moja.

Alimweleza hivyo hivyo, bila kupunguza. Inaweza kuharibika yote.

"Mwenye kuharibika ni nani?" Leonia aliuliza. "Huyo uliyemtengeneza? Huyo hata mjomba hamtaki. Sugua."

Kulikuwa na shida ya maji pia. Mabomba ya uwandani yalikuwa yamekauka tangu Jumapili, na picha isiyooshwa vizuri hugeuka rangi ya njano mwaka haujaisha. Getrude alifunua kisima cha maji ya mvua, akachungulia. Yalibaki ndoo nne za kunywa. Alitoa mbili, akazitua mlangoni mwa chumba cha giza.

"Tumia," alisema. "Lakini nisione unamchora tena."

Dastani alianza Alhamisi asubuhi, mwanga ulipokuwa bado wa upande. Alifunga pamba kwenye kijiti, akaichovya tapentaini, akaizungusha juu ya paji la uso bila kukandamiza. Pamba ilitoka na weusi. Alitupa, akafunga nyingine. Kazi aliyoifuta ilikuwa ya mchana mmoja wa mwaka 1968, na alikumbuka kwamba aliionea fahari, Premji angeisifu. Kufikia saa nne paji lote lilikuwa wazi, na nyufa za mwanga zimerudi: mistari minne ya kulala, iliyopangwa kwa nafasi sawa kabisa. Alishika kioo cha kukuzia. Huyo mkataji alikuwa na mkono. Mistari ilianza kwa kina, ikaishia kwa wembamba, kila mmoja kama mwenzake, isipokuwa wa chini, ambao karibu na panja la kushoto ulipinda kidogo kuelekea jicho. Dastani alidhani ni penseli iliyobaki. Akarudia na pamba. Haikutoka. Ilikuwa ya ngozi.

Shavu la kushoto halikumwendea vizuri. Vanishi ilikatalia, akaongeza nguvu, na kipande kama punje ya mtama kikang'oka. Aliweka kijiti chini. Alitoka nje, akanawa mikono kwa mazoea bila maji, akarudi.

Picha aliitoa kwa mwanga wa jua. Aliibana negativu na karatasi kwenye fremu, akaianika dirishani kwa kuhesabu, akaiingiza karatasi kwenye dawa chumba cha giza. Uso ulipotokea ulikuwa wa mtu mwingine, mwenye umri zaidi na mwenye kwao. Kwenye shavu palikuwa na doa jeusi la punje ile iliyong'oka. Mkono wake ulikwenda kwenye wembe wa kukwangulia madoa, ukafika nusu ya meza. Aliiosha picha mara sita kwa ndoo mbili, akaianika kama ilivyo.

Ijumaa Leonia alikuja na ndugu zake wawili, wakabaki mlangoni. Aliipokea picha kwa mikono miwili. Alipitisha kidole juu ya paji la uso, kutoka kulia kwenda kushoto, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne kidole kilifuata mpindo mpaka karibu na jicho, kikasimama.

"Na hili la shavuni?" aliuliza.

"Hilo ni kosa langu, mama. Naweza kulitoa."

"Usitoe kitu."

Mmoja wa ndugu aliponyoosha shingo kutazama alianza kuvuta pumzi kwa sauti, na Leonia akamgeukia. "Si hapa. Tutalia tukifika." Aliifunga picha kwenye kanga, akamshukuru Getrude kwa maji, akaenda. Jumamosi malori yalishuka kuelekea mtoni.

Dastani hakuacha kufuta chale. Alikuwa na mke na watoto, na wateja waliendelea kutaka nyuso za Dodoma. Lakini tangu wiki ile alisafisha kwanza picha moja ya kila mtu kabla ya penseli kugusa negativu, akaandika nyuma jina na alikozaliwa, akaiweka kwenye mkebe wa peke yake. Alianza pia kumwuliza kila mmoja amekatwa na nani. Wengi walicheka. Wachache walijibu, naye akaandika jina la mkataji chini ya la mteja. Katika miaka mitatu mkebe ulijaa, akaanza wa pili. Getrude aliuliza picha zisizouzwa ni za nini. Alisema hajui bado.

Habari za Mueda zilikuja mwezi wa kumi wa mwaka ule ule wa 1975, kwa mfanyabiashara wa tumbaku aliyekuwa akivuka mto kila mwezi. Alisimama dirishani bila kutua mzigo.

"Baba Ursula, kuna mama amekusalimu. Anasema mzee alipoipokea ile picha aliishika karibu sana na macho, akakaa nayo mpaka chakula kikapoa. Halafu akasema, mstari wa chini niliukosea, huyu mtoto alitikisika."

"Akasema nini tena?"

"Alivua kofia, akatoka uani akaanza kulia, na kijiji kizima kikamfuata."