Zamu Haipo Kwenye Chama cha Chumvi

Nikisikia neno chama, kichwa huanza kuniuma.

Wakati huo mimi na mama tulikuwa vibarua kwenye mabwawa ya chumvi, kaskazini ya Malindi. Tukikwangua chumvi pekupeku. Maji yale makali yalimpasua mama nyayo, na kila jioni alizipaka mafuta ya nazi akazifunga matambara. Nilichomtakia ni gambuti tu. Basi alipokuja katibu wa chama cha wafanyakazi kutuandikisha, mimi nilikuwa wa kwanza. Nilishaona mbali: leo gambuti, kesho matibabu, kesho kutwa chumvi yetu inauzwa ng'ambo kwa pakiti za kupendeza.

Shida ni kwamba kwetu chama ni kile cha akina mama: wote watoa, mmoja apokea, zamu yazunguka. Katibu, mgeni wa watu, hakulijua hilo. Wanawake wakajiandikisha kwa vicheko, wakakubali kukatwa mshahara. Haukupita muda, jirani yetu, shoga yake mama, akanisimamisha bwawani.

“Zamu yangu lini?”

“Hakuna zamu, mama mdogo. Hiki ni cha kututetea.”

“Mwezi uliopita kapokea nani?”

“Hakuna aliyepokea.”

“Basi pesa mmezila.”

Nikamweleza, jasho likinitoka: mmoja akidai gambuti anafukuzwa, lakini tukidai sote, meneja atamfukuza nani na chumvi aikwangue nani? Alinisikiliza vizuri, kaegemea reki yake.

“Maneno matamu,” akasema. “Sasa zamu yangu?”

Akajitoa, akawavuta na wenzake. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kuwabembeleza, watu wakaniuliza nagombea kiti gani. Meneja naye akatuonya kwamba chumvi ya nje inashuka bandarini kwa bei rahisi, tukizidi kudai atafunga. Si uongo wote, hilo nalijua, ile chumvi madukani naiona. Lakini kweli kampuni nzima iuawe na gambuti?

Tuliobaki tukatosha kwa taabu idadi ya kumlazimu meneja azungumze na chama. Katibu akakaa na meneja, wakavutana, na gambuti zikaja. Zikaja za kila mtu, hata waliojitoa, maana mapatano yakishaandikwa hayachagui nani alitoa na nani hakutoa.

Jirani ndiye aliyewahi foleni. Alichukua jozi ya mwisho ya saizi ya mama. Mama akabaki na gambuti kubwa za kiume, akajaza ndani yale matambara yake, akaingia bwawani akiburura miguu. Nilitamani kulia na kucheka pamoja.

Jirani akatupita anakanyaga maji kama askari wa gwaride.

“Mwanangu, hicho chama chenu kitaomba glavu lini?”

Nikafungua kinywa. Mama akanibana mkono.

“Zamu yako ya kutoa ikifika, shoga,” akamjibu.

Jirani akacheka, akasema atafikiria. Mpaka leo anafikiria, na gambuti anazo.