Mwanga Aliodaiwa Baba

Siku tuliyomzika baba naiona mpaka leo kama ninayeitazama kutoka chini ya maji. Harufu ya marashi na udi, kanzu nyeupe zikipita baina ya mikarafuu, na sauti yangu mwenyewe ikitoka mbali, imara. Kabla ya kumsalia, ami yangu, mdogo wake baba, alinigusa bega nikasimama mbele ya watu.

"Mwenye kumdai baba yangu asisite," nikasema. "Deni lake, kubwa na dogo, ni langu. Na aje."

Wengine huongeza, "Na mwenye kuweza kusamehe, asamehe." Hilo sikulisema, na nililiacha kusudi. Mtu kama mimi, aliyeondoka Pemba na mfuko wa plastiki, akabeba magunia Dar es Salaam mchana na kusoma jioni mpaka akapata stashahada ya uhasibu, akarudi akajenga Gombani nyumba ya vigae bila ya kuuza mti hata mmoja wa ukoo, haombi watu wamsamehe baba yake. Hulipa.

Nikalipa. Duka la karibu na msikiti, maji, umeme, fundi aliyeziba paa. Kila aliyekuja alikaa barazani, akanywa kahawa, akataja chake, akapokea, akasema, "Mungu amrehemu." Na kila mmoja alipoondoka nilihisi kaburi la baba limepata upepo kidogo. Tumekua tukiambiwa kwamba roho ya maiti hufungika kwa deni lake. Ya baba sikutaka ifungike hata kwa kibiriti.

Ikabaki nyumba ya baba. Dada yangu kaolewa Wete, mimi nina yangu. Tukakubaliana tuifunge, tukate umeme, tuwe tunakuja msimu wa karafuu tu.

"Na Bi Mkubwa?" dada akauliza, ufagio mkononi.

Bi Mkubwa ndivyo tunavyomwita jirani yetu wa nyuma, ajuza anayeishi peke yake. Waya wa taa yake unatoka kwetu, unapita juu ya mfenesi mpaka kwenye dirisha lake. Siku zote nilidhani ni sadaka ya baba. Baada ya alasiri nikamwendea, nikamkuta ukumbini akichambua karafuu, vikonyo huku na punje huku, vidole vikienda vyenyewe kama vya mtu aliyelala.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, baba. Karibu, tajiri. Leo umepotea njia?"

"Nakuletea habari njema. Nitakuwekea mita yako mwenyewe. Gharama zote juu yangu."

"Mita ya nini? Miye nna umeme wangu."

"Ule ni wa baba, Bi. Alikuwa akikusaidia."

Akacheka mpaka kanga ikamwanguka kichwani. "Kunisaidia! Weye hukuwapo. Umeme ulipokuja, nguzo yenu ilitaka kusimama penye mkarafuu wangu. Babako kaja, kaketi hapo hapo ulipoketi weye, kanambia: ukate, na madhali nyumba yangu inawaka, yako itawaka, mpaka ufe. Nikaukata na karafuu zake juu. Haya, n'ambie, nani kamsaidia nani?"

Nikatazama nje. Kwa muda niliuona ule mti umesimama pale, wekundu wa vikonyo vyake ukitikisika, kisha nikaona nguzo.

"Mbona hukuja kudai?"

"Nidai nini, nami taa inawaka?"

"Basi taja bei ya mti."

"Sitaji."

"Msamehe baba, Bi."

"Simsamehe. Mbele ya jeneza hukuomba msamaha. Nikakusikia, miye ndani na wanawake, nikasema, huyu ndiye mwana. Leo unaniomba?" Akarudi kwenye karafuu zake. "Nikisamehe mtafunga nyumba mwende zenu, mniache na kiza mlangoni. Babako kila magharibi akiniita, 'Inawaka?' Namjibu, 'Inawaka.'"

Nilimfuata ami msikitini, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akisugua goti.

"Ulisema vizuri mazikoni," akasema, "lakini mdai hajaridhia. Deni bado li juu ya babako. Mwombe alihamishe. Akikubali kukudai wewe, marehemu yu huru."

Asubuhi tukenda kwake, mimi, ami na dada. Ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye migomba, na sauti zetu zilikuwa laini kama za watu walio usingizini.

"Bi Mkubwa," nikasema, "mwanga uliokuwa ukimdai baba, sasa nidai mimi. Yeye muachilie."

"Na nyumba?"

"Haifungwi. Nahamia mimi. Ya Gombani naipangisha."

Dada akanigeukia kwa mshangao. Wapo wasemao hadi leo kwamba nimewaachia wapangaji vigae vyangu nikarudi kwenye mabati. Waseme. Hakuna mwengine wa rika langu mwenye nyumba mbili na zote zinawaka.

Bi Mkubwa alinitazama kama anayepima ukubwa wa mti.

"Nimeridhia," akasema. "Babako simdai tena. Nakudai weye. Na usinikawilize!"

Ami akainua mikono, na midomo yake ikaanza kutikisika kwa fatiha. Nami nikahisi, mahali fulani kule mikarafuuni, fundo limefunguliwa pole pole, na baba akanyoosha miguu.