Sentensi ya Michikichi

Jirani yangu wa mtandaoni sijawahi kumwona uso. Tulikutana katika kamusi elezo ambayo yeyote anaweza kuandika na yeyote anaweza kufuta. Mimi ni mwalimu hapa Rumonge, mji wa kando ya ziwa, niliyekulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Yeye alijitambulisha kuwa mtu wa Gatete, hapa hapa karibu, basi. Tuliandika pamoja ukurasa wa mji wetu. Mimi nilinyoosha Kiswahili, yeye alinisahihisha mambo ya ziwani, kama dagaa, ambao hapa tunawaita ndagala.

"Amahoro jirani," aliniandikia, akinisalimu kwa lugha ya nyumbani. "Ndagala ya huko Gitaza iko inaanikwa hata kwa muchanga, si kwa meza peke yake. Murakoze."

Nilicheka kwa asante yake hiyo, nikarekebisha.

Kisha kampeni zikaanza. Nikaona amepamba ukurasa wake binafsi kwa rangi za chama ambacho nyumbani kwetu hakitajwi mezani. Nami, kwa kiburi changu, nikaweka za changu. Tangu hapo hata nukta aliyoifuta niliiona ni ya chama. Salamu zikakoma.

Ndipo nikaandika sentensi niliyokuwa nayo rohoni tangu mwanzo: "Wengi waliorudi kutoka uhamishoni walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu." Baba yangu alifariki akingojea kurudishiwa shamba lake la Gatete, na sikuwa na mahali pengine pa kuliandika jambo hilo. Akafuta. Nikarudisha. Akafuta tena. Nikapandwa na hasira, nikamwandikia kwamba chama chake kinaogopa ukweli kama paka anavyoogopa maji.

Akajibu: "Jirani, wacha mambo ya chama. Mimi niko mutu wa hapa kama wewe. Nilizaliwa mu shamba kama hilo. Baba alipewa na serikali ya wakati ule, na mama tulimuzika mule. Ukisema 'watu' hivyo tu, wenye kusoma wataona wezi."

Nilisonya. Lakini ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kubishana na mtu, si na chama. Nikamwambia: haya, iandike wewe, ila baba yangu asifutike.

Kesho yake nilifungua ukurasa. Alikuwa ameandika: "Wengi waliorudi walikuta mashamba waliyoyapanda kwa mikono yao yana watu, na baadhi ya watu hao walizaliwa humo."

Mimi sikuwa nimethubutu kutaja nani aliipanda michikichi ile. Anayekula mafuta yake ndiye aliyetaja. Nilimlilia baba siku hiyo kuliko siku tuliyomzika.