Sweta za Julai na Van ya Kanisa

Siku ile mngeniuliza kama nataka kuendelea kusimama pale kwenye parking ya kanisa au ardhi inimeze, ningeuliza tu shimo liko wapi. Sasa hivi naweza kucheka, na kwa vile nyinyi ni marafiki zangu na chapati zangu mmeshazimaliza, wacha niwape aibu yote bila kupunguza, ila mcheke nikimaliza, sio katikati.

Mnajua mimi hucheza voliboli. Timu yetu ni ya makuchu, ndivyo tunavyojiita wenyewe: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake (mimi hapo), na wengine ambao hawataki kuwekwa kwenye kapu lolote, na mimi sina neno nao bora waje mazoezini kwa wakati. Hatulipwi na hatuogopwi na mtu, lakini kiangazi kile tulialikwa mashindano Milwaukee, na mimi kwa kiherehere changu nikanyoosha mkono nikasema mambo ya usafiri niachieni mimi. Wiki ya safari ikafika, gari la kukodi likakosekana.

Sasa, funguo za van ya kanisa letu kule Oakdale hukaa kwa Anti Kemunto, mdogo wake mama. Nilikuwa naishi kwake Woodbury. Ndiye aliyenileta Amerika, ndiye aliyenifundisha ku-drive kwenye barafu huku akipiga kelele kuliko honi, na kuhusu maisha yangu alijua tu kwamba naenda mazoezi na kurudi na njaa. Nilikuwa na hofu moja kubwa, kwamba siku akijua nitarudi nyumbani nikute mlango umefungwa, na mimi hapa Minnesota sina anti mwingine. Kwa hiyo nilipomwomba ile van nikamwambia, "Ni timu ya kazini, Anti."

"Sawa," akasema, "lakini unajua hiyo van haitoki bila maombi."

Nikadhani ataweka mkono kwenye boneti, aseme amina, tuondoke. (Nilisahau ni Wakenya ninaoongea juu yao.) Asubuhi ya safari naingia parking nakuta akina mama wa maombi wote wamefika, wamevaa vitenge, wamebeba thermos za chai, mandazi, na sufuria kubwa ya pilau ya Mama Brian iliyofungwa kwa taulo ili isipoe, eti watoto wa kazini kwa Kerubo, yaani mimi, wasije wakafa njaa njiani.

Hapo ningesema ukweli. Au ningeiambia timu ibadilishe nguo. Maana kapteni wetu, Devin, kijana mrefu mpaka huinama kupita milangoni, alikuwa ameshaamuru kila mtu asafiri na jezi mpya, na zile jezi, jamani! Mbele upinde wa mvua kutoka bega hadi bega. Nyuma maneno ya Kiswahili niliyoyachagua mwenyewe, kwa sababu timu iliniomba kitu cha kwetu na mimi nikajua hakuna mtu Milwaukee atakayeyasoma: TUNAMPENDA TUNAYEMPENDA. MTADO? Yaani mtafanya nini. Nilijiona mjanja sana wakati ule.

Badala ya ukweli nikawakimbilia wachezaji wenzangu kwenye magari yao kabla hawajashuka, nikawaambia kwa heshima ya kanisa kila mtu avae sweta yake nzito yenye kofia, afunge zipu mpaka shingoni, na chochote atakachopewa na wale mama asikikatae. Ilikuwa Julai. Nyinyi mnaijua Julai ya hapa, ile ya kutoka bafuni na kuanza kutoa jasho kabla hujajifuta. Lakini ni watu wazuri, na Kanisa la Kiafrika wanaliheshimu hata kuliko mimi, wakavaa.

Wakapewa chai ya moto. Wakanywa. Mama mmoja akiona kikombe kitupu anajaza, nao kwa kutokataa wanakunywa tena, na Devin, ambaye ni mwanafunzi mtiifu kuliko wote, akawa ndiye anayejaziwa zaidi, uso umemwiva kama nyanya na bado anasema asante.

Halafu tukaizunguka van, macho tukafumba, maombi yakaanza. Mmoja akaombea matairi. Mwingine akaombea dereva asisinzie. Mama Brian akaombea barabara yote kuanzia hapo mpaka mpakani, kisha akaingia Wisconsin na kuanza kuwakemea kulungu, wasiruke mbele ya gari, wafungwe huko huko msituni, na mimi nikafungua jicho moja kumwangalia Devin, nikamwona anayumba, na kabla sijanyoosha mkono akaenda chini kama gunia.

Maombi yakakatika bila hata amina. Sasa mnajua akina mama wa kanisa letu, ukimtoa mwalimu wa Sunday school waliobaki wote ni manesi. Walimrukia! "Inua miguu!" "Leteni barafu ya cooler!" "Nani amemvalisha mtu sweta July?" Mama Brian akaivuta zipu, sweta ikatoka, upinde wa mvua ukametameta juani, halafu wakamlaza ubavu jinsi manesi wanavyolaza mtu aliyezimia, na mgongo wake ukawa unamtazama Anti Kemunto.

"Na nyinyi wengine!" nesi mmoja akawafokea. "Toeni hizo sweta, mnataka kufa?" Na timu yangu, ambayo nilikuwa nimeiambia isikatae kitu, ikatoa. Wakageuka kuzitupa kwenye van, wote kwa pamoja, migongo kwetu. Mtado. Mtado. Mtado.

Anti alisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma matangazo ya Jumapili. Akafika mwisho. "Mtado," akasema. "Sasa hapo mnamuuliza nani?"

Mama Brian akajipangusa mikono, akaichukua sufuria yake ya pilau, akaipakia kwenye gari lake na kwenda zake. Devin akafumbua macho akauliza kwa Kiingereza kama tunaendelea kuomba.

"Kerubo. Hii ni timu ya kazini?"

"Hapana, Anti."

"Ni timu ya nini?"

Nilitafuta uongo mwingine, nawaapia, lakini kichwa kilikuwa kitupu kama sahani. "Ni timu ya watu kama mimi, Anti."

Alizitazama funguo mkononi mwake. Nikajua nimeshapoteza safari ya wenzangu na nyumba yangu asubuhi moja. Alipoinua uso machozi yalikuwa yakimtoka, na alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona.

"Mtoto wa wenyewe angekufa kwa joto," akasema, "ndio mimi nisijue? Ni mimi unaniogopa hivyo, Kerubo? Mimi?"

Nililia mbele ya watu, sitawaficha. Nikasema nisamehe. Akasema ya sweta atanisamehe akipoa, na hayo mengine hayaelewi, hajui kama atayaelewa, na nisimharakishe. Kisha akampa Devin maji, akampima mapigo ya moyo mkononi, akawageukia wenzake waliobaki: "Nani atamalizia wale kulungu? Tunachelewa." Akamalizia mwenyewe, na alipomaliza kuomba, badala ya kunipa funguo akapanda kiti cha mbele na mkoba wake. "Mgonjwa hasafiri bila nesi," akasema, ndipo akanipa funguo. "Endesha."

Milwaukee tulifungwa karibu kila mechi. Anti alikaa kwenye benchi letu na chupa za maji, hakuna aliyeruhusiwa kuingia uwanjani kabla hajanywa mbele yake, na tuliposhinda seti moja alisimama akapiga vigelegele mpaka refa akageuka. Usiku hotelini hatukuongea mengi. Aliuliza kama nina mtu. Nikasema bado. Akasema, "Basi kula, umekonda," na kwangu hiyo ilitosha sana.

Van ikirudi nayo huombewa, maombi ya shukrani. Jumapili jioni akatupanga tena pale pale, tukiwa na jezi (hakuna aliyethubutu kutaja sweta), na wale mama wawili watatu waliokuja na chai wakafumba macho pamoja nasi. Mama Brian hakuja, na mpaka leo tukikutana dukani huangalia mchele badala ya kunisalimia. Sawa. Anti akashukuru kwa barabara, kwa kulungu waliokaa msituni, kwa Devin na kila mtu kwa jina lake, na alipofika kwangu akasema, "Asante, Bwana, umewarudisha wote salama, hata huyu mwongo wangu."

Wangu. Tangu siku hiyo nikiulizwa naenda wapi na nani, nasema, na mtu akitaka kuvaa sweta Julai, mimi ndiye wa kwanza kumvua.