Mzigo wa Majani Wenye Miguu

Je, baba mdogo aliuona uzuri wa picha ile siku ileile alipoisafisha, au aliuona baadaye, baada ya kuniambia kwamba imeungua? Nimesoma hadi chuo kikuu, nywele zimeanza kubadilika rangi, na bado sina jibu. Swali hunirudia kila ninapofungua chupa ya siki jikoni. Harufu ile kali inayopanda puani ndiyo iliyokuwa harufu ya chumba chake cha giza cha kusafishia picha. Inaponifikia, nasimama na chupa mkononi, kachumbari ikingoja, nikiwa tena mtoto wa darasa la sita niliyebanwa kati ya pazia jeusi na ukuta, mjini Moshi.

Baba mdogo Aloisi, mdogo wake baba yangu, alikuwa na studio ya picha karibu na soko. Wateja wake walisimama mbele ya kitambaa kilichochorwa mlima Kilimanjaro, jambo lililotuchekesha sana sisi tuliotoka Kirua Vunjo, huko mlimani, kwa sababu ukitoka mlangoni pake na kuinua macho, mlima wenyewe ulikuwa umekaa palepale.

"Wa kwangu haufunikwi na mawingu," alikuwa akijibu, huku akimnyoosha mteja kola ya shati.

Ndiye aliyenipa kamera yangu ya kwanza, ile aliyokuwa ameichoka, yenye mfuko wa ngozi uliopasuka kama kisigino cha mkulima. Ndiye pia aliyeniingiza katika chumba cha giza wakati wa likizo, akanisimamisha juu ya kreti la soda ili nifikie beseni, nikaona chini ya taa nyekundu karatasi nyeupe ikianza kuota nywele, kisha macho, kisha kola ya shati. Nilimpenda kwa ajili ya beseni lile. Watoto wengine walikuwa na baba wadogo waliowaletea biskuti. Wa kwangu alinionyesha jinsi mtu anavyotoka katika utupu.

Sheria zake zilikuwa chache na hazikujadiliwa. Jua liwe mgongoni mwa mpigaji. Uso uonekane. Miguu isikatwe, maana mteja aliyevaa viatu vipya halafu asivione kwenye picha hulalamika hadi Krismasi. Na ukipiga nje, mlima uwe nyuma ya watu, katikati.

Nilizifuata kwa bidii ya mtoto anayetaka kusifiwa. Lakini mlima wetu una tabia zake. Hujitokeza alfajiri, hukaa kidogo, kisha hujifunika kama bibi harusi aliyebadili mawazo. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama kihambani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, nikiusubiri ujitokeze. Nilichoka shingo, nikageuka. Nyuma yangu mwanga ulikuwa ukishuka juu ya majani ya migomba, ukiyapita, ukiyafanya yawe kama vioo vya kanisa. Kila mtu niliyemjua aliupiga picha mlima. Hakuna aliyegeuka kuona ulikuwa unatazama nini.

Tangu siku hiyo nikawa napiga picha nikiwa nimeupa mlima mgongo. Sikujua kwamba huko ni kupata jicho langu mwenyewe. Nilidhani ni ukaidi tu, na niliuficha.

Picha ninayoizungumzia niliipiga mwezi wa saba, wakati ukungu unapolala mpaka saa za shule. Bibi yangu, mama yao baba na baba mdogo, alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe kando ya mfongo, ule mfereji wa zamani unaoteremsha maji mashambani mwetu. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikimngoja. Kwanza nilisikia majani yakikwaruzana. Kisha ukungu ukapasuka, na ukatoka mzigo mkubwa wa majani mabichi ukitembea wenyewe, bila kichwa, bila mabega, bila mikono, juu ya miguu miwili iliyovaa katambuga za tairi, ya kushoto ikiwa imefungwa kwa waya. Maji ya mfongo yalikuwa yakiiakisi miguu ile mara ya pili, juu chini. Nilishika pumzi kama nilivyofundishwa, nikabonyeza.

"Umenipiga?" Bibi aliuliza kutoka ndani ya majani.

"Nimekupiga, Bibi."

"Na hivi sijajipaka hata mafuta!"

Siku zote nyingine baba mdogo aliniruhusu kuingia naye katika chumba cha giza. Siku niliyompelekea mkanda ule aliniambia nibaki nje niwaangalie wateja, na kweli wateja walikuwepo, wanafunzi waliotaka picha za pasipoti. Hapo ndipo swali langu linapokwama hadi leo. Alipotoka alinipa picha zangu zote isipokuwa moja.

"Na ile ya Bibi na majani?"

"Imeungua, mwanangu."

"Yote?"

"Yote. Na hata isingeungua, ilikuwa picha ya nini ile? Umepiga majani. Uso uko wapi? Mtu akiuliza huyu ni nani, utamjibu ni ng'ombe?"

Wateja walicheka, nami nikacheka nao ili nisilie. Niliporudi nyumbani niliugeukia mlima. Miezi iliyofuata niliwapanga ndugu zangu mstari, jua mgongoni mwangu, nyuso zikionekana, miguu ikiwa kamili, kilele cha Kibo katikati. Baba mdogo alizisifu. Asubuhi nyingine nilipita kando ya mfongo, nikaona mwanga umekaa mahali fulani kwa namna iliyonifanya nisimame, nikajiambia, hapana, wewe huoni vizuri, nikaendelea na safari yangu. Hicho ndicho ninachotaka mkielewe, ninyi mnaonisoma: nilianza kuyaonea haya macho yangu.

Kuelekea Krismasi, watu wa kwetu wanaoishi mijini walipokuwa wakirudi nyumbani kwa wingi, baada ya Misa tuligawiwa kalenda za mwaka mpya. Bibi aliipokea yake, akaikunjua pale pale kwenye ngazi za kanisa, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Mae! Hii si miguu yangu?"

Ilikuwa miguu yake. Kilikuwa kisigino chake, zilikuwa katambuga zake, waya ulikuwa waya wake. Mzigo wangu wa majani ulikuwa ukitoka katika ukungu wangu, mkubwa, mzuri kuliko nilivyoukumbuka, na chini yake, kwa herufi ndogo, liliandikwa jina la Aloisi kuwa ndiye mpiga picha. Wanawake walimzunguka Bibi wakimcheka kwamba amekuwa maarufu kuanzia magotini kwenda chini. Bibi mwenyewe alicheka mwanzo, kisha akanitazama, na kicheko kikamwishia.

"Siku ile Aloisi alikuwa Moshi," alisema taratibu. "Kwenye jiwe ulikaa wewe."

Nilitangulia kurudi nyumbani. Furaha ilikuwepo ndani yangu, siwafichi, furaha ya kuona kwamba sikuwa kipofu. Lakini ilikuja ikiwa imeshikana mkono na jambo jingine, nami sikuweza kuvitenganisha. Nilipofika nilichukua kamera, ambayo ndani yake kulikuwa na mkanda wa ndugu zangu waliopangwa mstari, nikatoka, nikaupa mlima mgongo, nikamalizia picha zote zilizobaki juu ya yale niliyokuwa nimeyapita kwa miezi ile.

Baba mdogo alipanda kutoka mjini jioni ya siku iliyofuata. Habari zilikuwa zimemtangulia. Alikuja na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, na mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu isale ndilo jani linalopandwa mipakani na makaburini, na anayekuja amelishika amekuja kuomba msamaha. Kumkatalia ni aibu inayowafuata watu wa nyumba nzima. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango. Alinipita, akamkabidhi baba.

"Kaka, nimekosa. Wenye kalenda walitaka picha haraka, nami nilikuwa na ile tu ya kuwapa."

Baba alilipokea jani, akalichomeka juu ya mlango. "Kaa, mbe, ndugu yangu. Yamekwisha."

"Yamekwisha kwa nani?" Bibi aliuliza kutoka kwenye mafiga, akininyooshea kidole. "Picha kapiga Manka. Na miguu ni yangu."

"Mama, huyu ni mtoto."

"Basi na miguu ni ya mtoto?"

Walicheka wote, baba mdogo zaidi ya wote, cheko la mtu aliyetua mzigo. Mbege ikazunguka. Mimi sikuulizwa kitu, wala hakuna aliyenitazama isipokuwa Bibi.

Niliwaelewa baadaye sana. Baba alikuwa na ndugu mmoja, na ndugu wawili waliogawana kihamba hawawezi kununiana kwa ajili ya karatasi ya ukutani. Leo ningekuwa yeye, huenda nami ningelichomeka jani lile juu ya mlango. Hata baba mdogo namwelewa kiasi. Miaka mingi mbele ya mlima wa kitambaa humfundisha mtu kutazama viatu, na pengine picha iliyomtokea katika beseni siku ile ilimtisha. Hata hivyo, kuelewa hakukuniondolea lile neno. Jina lake chini ya picha yangu ningeweza kulizoea. Kilichonivunja ni "imeungua", neno lililotamkwa na mtu aliyenifundisha kuona, akijua kwamba nitamwamini yeye kuliko macho yangu. Kwa neno hilo hakuna aliyeniletea jani, na hadi leo sijui kama lile lililopokelewa na baba lilikuwa na sehemu yangu ndani yake.

Usiku ule, kabla sijalala, niliamua jambo moja.

Kulipokucha, Kibo kilikuwa wazi, cheupe, hakina hata uzi wa wingu. Baba mdogo alikuwa uani akinawa uso, na baba alikuwa akimfungulia ng'ombe.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Alijifuta, akatabasamu tabasamu lake la studio, akanyoosha mkono kama kila likizo. "Lete mkanda nikausafishe. Nashuka mjini sasa hivi."

Baba aligeuka kunitazama. Jani la isale lilikuwa juu ya mlango, limeanza kulegea. Mkanda ulikuwa mfukoni mwa sketi yangu, nimeushika.

"Aika, baba mdogo," nilimshukuru kwa heshima yote niliyofundishwa. "Huu nitautafutia mtu mwingine."

Mkono wake ulibaki hewani. Nikampita, nikachukua mundu wa pili uliokuwa ukutani, nikateremka na Bibi kwenda mfongoni.